Ndugu wa Mgonjwa Hutembea Nyuma

Vijana wa machela, mmeniomba niandike. Mmesema mzee amestaafu, hana la kufanya, akae chini aandike kabla hajasahau. Kwanza, sijasahau kitu. Pili, nina mengi ya kufanya: nina kahawa, nina mbuzi wawili wakorofi, na nina goti la kushoto ambalo kila asubuhi lazima nilibembeleze ndipo likubali kutoka kitandani. Lakini nimekubali, kwa sababu nilipita pale barabarani nikawasikia mkimwambia mgeni kwamba ile sheria ya ndugu wa mgonjwa ni ukali tu wa Afande. Ukali! Haya, kaeni niwaeleze huo ukali ulikotoka.

Kwa asiyenijua, naitwa Bwambale. Nilizaliwa mvulana wa pili, na kwetu Wakonzo mvulana wa pili ni Bwambale, hakuna mjadala. Simama katikati ya soko la Bwera siku ya soko uite "Bwambale!" uone, nusu ya wauza samaki watageuka. Ndiyo maana watu wa huku mlimani huniita Afande. Nilikuwa askari, kisha nikawa mbeba mizigo na mwongoza watalii kwenye milima ya Rwenzori, kisha kwa miaka mingi nikawa hivi mlivyonikuta: mtu wa kujitolea, anayeshusha wagonjwa kwa machela kutoka juu hadi barabarani, na mshahara wake ni kikombe cha chai akifika. Habari za vyeo nitaziacha. Vilikuwa vichache, na kimoja nilinyang'anywa.

Mara ya kwanza kubeba mtu nilikuwa kuruta, buti bado zinanikata vidole. Waasi walikuwa kwenye misitu ya mlima huu huu, na sisi tulikuwa tunapanda kuwafuata. Risasi zilipolia nililala kifudifudi kwenye matope, na mengine niliyameza. Zilipotulia tukakuta mwenzetu mmoja amepigwa pajani. Sajenti wa tiba alikuwa Mwacholi mrefu, mkavu, jina lake Ocen. Hakupiga kelele. Alikata miti miwili, akachukua makoti mawili, akayafunga vifungo, akapitisha ile miti ndani ya mikono ya makoti, na hapo hapo tukawa na machela. Kisha akaninyooshea kidole.

"We kuruta! Shika mbele, kulia."

Nikashika, tukanyanyua, nikaanza kushuka mbio. Nilidhani mbio ndiyo huruma.

"Simama! Wewe nabeba mutu ama nabeba kuni?"

"Mtu, afande."

"Sasa kwa nini hapana ongea na yeye? Mwambie kuna jiwe. Mwambie tunashuka. Yeye iko juu ya mabega ya watu, haoni njia, anaona mbingu tu. Hiyo inaogopesha kuliko risasi."

Basi nikaanza kumwambia. Jiwe. Mzizi. Tunapinda kushoto. Yule askari aliyepigwa alikuwa Mganda kwa kabila, Kiswahili chake cha kubahatisha, sijui alielewa nini, lakini mkono wake ulioshika ukingo wa machela ulilegea. Tangu siku hiyo sijawahi kumbeba mtu kimya kimya, hata aliyezimia. Nyie mnaobeba huku mnaongea habari za mpira, mjue nawasikia.

Sasa ile sheria. Katika kikosi chetu kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, watu wa upande wa Bugoye. Mdogo alipigwa tumboni. Afande Ocen alikuwa mbele na majeruhi mwingine, kwa hiyo sisi tuliobaki tukatengeneza machela yetu, na kaka mtu akakamata mbele. Nani angemkataza? Ni mdogo wake. Nilikuwa nyuma yake, bega la pili. Alikuwa analia huku anashuka, na kila mdogo mtu alipoguna, yeye aliongeza mwendo. Tulimwambia polepole, polepole bwana, hakusikia. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza, mti ukamtoka begani, machela yakapinduka upande wa korongo. Tulishuka kumfuata yule mdogo kwa mikono na magoti, na tulipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Labda angekufa tu, tumbo ni tumbo. Lakini kaka mtu alikaa kwenye jiwe akituuliza mmoja mmoja, "Ningetembea polepole angepona?" Afande Ocen aliporudi na kuona, alivua kofia, akakaa karibu naye muda mrefu. Kisha akasimama akatuambia sote, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa: "Kuanzia leo, ndugu nyuma. Rafiki nyuma. Mutu nalia, hapana shika mti."

Nilitoka jeshini mzima, na kwa hilo mama yangu alimshukuru Mungu kanisani kwa sauti hadi mchungaji akamwomba akae. Nikaenda Kilembe, kule kwenye nyumba za zamani za mgodi wa shaba, nikapata kazi ya kubeba mizigo ya watalii wanaopanda kwenda kuona theluji. Kazi nzuri. Mtalii anakuja na buti za bei kali, sisi tunampa gambuti za mpira kwa sababu juu kule ni matope hadi magotini, naye anacheka, kisha anavaa. Nilipanda kutoka Kilembe, nikapanda kutoka Bugoye, nikajua njia za mvua na njia za kiangazi. Nilijifunza kufunga kamba, kusoma mawingu, na zaidi ya yote kusikiliza mito. Mito yetu hii ni mifupi na ina hasira. Maji yakipanda unaweza kudanganyika kwa macho, kwa sababu maji ya kahawia hayaonyeshi kina. Lakini masikio hayadanganywi. Mto ukijaa kweli, mawe ya chini yanaanza kuviringika, na utasikia mlio kama watu wanasukuma mapipa ndani ya ghala. Ukisikia mapipa, usitie mguu, hata kama ng'ambo kuna harusi yako.

Nilirudi nyumbani, huku juu ya Bwera, nikiwa na mke, na watoto, na goti hili likiwa bado zima. Nilichokikuta mnakijua. Boda zinafika barabarani tu. Kuanzia pale ni miguu, na mgonjwa hana miguu. Kila ukoo ulikuwa unabeba mtu wake. Mama akiugua, wanawe ndio wanambeba, na wakibishana njiani wanamweka chini mama wa watu kwenye mvua wabishane vizuri. Nilishuhudia mzee mmoja akifia njiani huku wanawe wakigombana ni nani aliyesababisha wachelewe. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi nikashindwa kula, nami sishindwi kula kirahisi.

Jumapili iliyofuata nilisimama baada ya ibada nikasema tuanzishe kundi la kilima kizima. Filimbi ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika, mnabadilishana mabega kwa amri ya mshika filimbi na si kwa kuchoka kwenu. Miti iwe mianzi, niliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa sababu mkaratusi ni mzito. Katikati magunia ya kahawa yaliyoshonwa mara mbili. Begani ngata ya majani makavu ya mgomba. Hayo yote walikubali. Waadventista walisema Jumamosi hawafanyi kazi, lakini wakakaa, wakashauriana, wakarudi wakasema kubeba mgonjwa si kazi. Waanglikana walitaka nyimbo zao ziimbwe njiani, Waadventista zao, nikapiga marufuku zote.

Walipokataa ni hapa: ndugu wa mgonjwa hashiki machela, hashiki filimbi, na hatoi amri. Anatembea nyuma amebeba beseni la vitu vya mgonjwa. Loo! Wazee walisimama. "Mama yangu abebwe na watu baki, mimi nafuata na beseni kama binti?" Nikawaeleza habari za wale ndugu wawili. Wengine walielewa, wengine walisema hayo ni mambo ya jeshi. Lakini mianzi ilikuwa yangu, kwa hiyo sheria ikapita.

Kabugho alikuja wakati huo. Nyie mnamjua kama kiongozi, mimi nilimjua kama mjane mwenye shamba la kahawa na ulimi mkali. Alitoka kwenye upande wa wanawake akasema naye atabeba. Wanaume wakacheka. Akawaambia, "Mimi nashusha gunia ya kahawa muzima mpaka barabarani. Mugonjwa ni mwepesi, na hamwagiki." Wiki hiyo hiyo tulimshusha mwalimu aliyevunjika mguu, mtu wa kilo nyingi kuliko elimu yake, na Kabugho hakubadilisha bega hadi alipoamriwa. Tangu hapo alikuwa wa pili wangu. Tulibeba pamoja miaka mingi: malaria ya kichwa, migongo iliyovunjika kwenye miti ya maparachichi, akina mama wengi wenye uchungu. Wengi tuliwafikisha. Wachache hatukuwafikisha, na majina yao nayajua, sitayaandika hapa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Binti yangu Masika, kifungua mimba wetu kwa wasichana, alikuwa amekuja kwetu kusubiri kujifungua. Mume wake anafanya kazi ya chumvi kule Kabatoro, na nyumba yao ni chumba kimoja chenye joto kali, kwa hiyo mama yake alisema aje apate hewa. Uchungu ulimshika jioni. Asubuhi mkunga wetu wa kijijini, mama mtu mzima ambaye hana haraka na jambo lolote, alitoka ndani akiwa na haraka. Akaniambia mtoto amekaa vibaya, na Masika amevimba uso, na anasema kichwa kinapasuka na macho yanaona giza. "Mshushe, Afande. Sasa hivi." Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Nilipiga filimbi kwa pumzi zangu zote. Watu walikuja na magunia kichwani kujikinga mvua. Kabugho alikuja wa kwanza, akapanda kwenye kile kichuguu chenye mtandao akapiga simu hospitali, wakasema gari la wagonjwa litasubiri mwisho wa barabara, ng'ambo ya mto. Kisha akashuka, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

Alitaka filimbi. Sheria ni yangu, mimi ndiye niliyeitoa, na nawaambia ukweli, vidole vyangu havikutaka kufunguka. Niliwaza: hawa wote niliwafundisha mimi. Nani anaijua njia hii kunishinda? Mkono wa Kabugho ulibaki pale pale kwenye mvua. Nikampa. Mke wangu, ambaye nyonga zake haziruhusu ule mteremko, akanitwisha beseni: nguo za mtoto, blanketi, kofia ya manjano aliyoifuma mwenyewe, sabuni, kitenge. Nikakaa nyuma.

Tulianza kushuka. Kutoka nyuma unaona nini? Unaona migongo. Unaona kichwa cha mwanao kikitikisika kwenye gunia na huwezi kukishika. Kabugho alikuwa kando ya kichwa hicho, anaongea. "Masika, jiwe. Masika, tunapinda. Masika, matope hapa, tunakwenda pole." Masika alikuwa anaitikia mwanzoni. Baadaye alikuwa anaguna tu. Kila alipoguna, miguu yangu iliongeza mwendo yenyewe, hadi beseni likamgonga kisogoni Thembo, yule mwashi mnene wa kanisani, aliyekuwa nyuma kushoto. Aligeuka akanitazama, akageuka tena mbele.

Tulipofika mtoni niliona gari la wagonjwa. Lilikuwa pale pale, ng'ambo! Taa zinawaka, dereva amesimama na mwavuli, anatupungia mkono. Kati yetu na yeye ni Mto Lhubiriha tu, huu ambao ukishuka chini unakuwa mpaka wetu na Kongo. Pale pana kivuko chetu cha siku zote, mawe mapana, kiangazi mtoto anavuka bila kulowa magoti. Nikahesabu kwa macho: maji ya kiunoni. Labda kifuani kwa mtu mfupi. Nimevuka mengi kuliko hayo, tena na mizigo.

Kabugho alisimama ukingoni, akainamisha kichwa upande. Kisha akasema, "Apana. Tunapanda juu, kwenye magogo."

Magogo ni ile miti miwili ya mikaratusi iliyolazwa juu ya korongo, mwendo mrefu wa kupanda, kisha mwendo mrefu wa kushuka ng'ambo. Nilihisi damu inanipanda kichwani.

"Vuka hapa!" nilipiga kelele. "Kabugho! Gari liko pale! Vukeni hapa, ni maji ya kiunoni tu!"

"Sikia mawe," akasema.

Sikusikia mawe. Haki ya Mungu, sikusikia chochote isipokuwa mwanangu anayeguna. "Hakuna mawe! Nimeishi na mito kabla hujazaliwa! Thembo, nyanyua, twende! Hiyo ni amri!"

Hakuna aliyesogea. Na hapo Masika akakakamaa. Mgongo ukajikunja kama upinde, meno yakasagana, macho yakageuka meupe. Nilitupa beseni chini, nikaruka mbele, nikaukamata ule mwanzi kwa mikono miwili. Nilikuwa namvusha. Hata peke yangu nilikuwa namvusha.

"Thembo, mutoe," Kabugho akasema.

Thembo ni mtu mpole. Alimwachia mwenzake nafasi yake begani, akanishika vidole, akavibandua kimoja kimoja kutoka kwenye mwanzi. "Samahani, Afande," akawa anasema, "samahani, samahani sana."

"Leo hapana Afande hapa," Kabugho akasema. Hakupandisha sauti. "Iko baba ya mugonjwa. Baba ya mugonjwa, okota beseni. Rudi nyuma."

Nilimchukia. Naandika wazi ili mjue kwamba hata mimi mwenye sheria ilinishinda. Niliokota beseni nikarudi nyuma, na njia nzima ya kupanda nilitazama kisogo chake nikiapa kwamba Masika akifa, nitasimama kanisani nimtaje kwa jina mbele ya kilima kizima. Gari la wagonjwa lilibaki nyuma yetu, likawa dogo. Masika alikuwa ametulia, lakini ni utulivu mbaya, anakoroma na mdomo wazi kwenye mvua. Haitiki tena. Kabugho bado alikuwa anaongea naye. "Masika, tunapanda. Masika, muzizi. Masika, bado kidogo." Na mimi nyuma, mdomo nimeufunga, beseni kichwani, machozi na mvua vinanitiririka pamoja.

Magogo yalikuwa yameloa, yanang'aa. Pale wanne hawapiti, wanapita wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na machela yananing'inia kwa mikanda ya shingoni. Kabugho alivua viatu. Akachukua mbele yeye mwenyewe. Thembo akachukua nyuma. Wengine wakashika huku kamba iliyofungwa kwenye machela, wengine walikuwa wameshavuka wakaishika ng'ambo. Wakaingia. Katikati magogo yakaanza kudunda, kwa sababu ya uzito, na Kabugho akasimama. Alisimama tu, juu ya korongo, miguu mitupu, mwanangu nyuma yake. Nikaona mgomba mzima ukipita chini kwenye maji, na mizizi yake.

"Masika," akasema, kama mtu aliyekaa jikoni, "tunapumzika kidogo."

Magogo yakatulia. Akaendelea. Walipokanyaga ardhi ng'ambo walioshika kamba wakayapokea machela.

Ikabaki mimi. Mimi niliyevuka nyufa za barafu na mzigo wa mtalii mgongoni. Nikatia mguu wa kwanza, nikatia wa pili, na magoti yote mawili yakaanza kutetemeka. Si baridi. Nilijaribu kuyaamuru, hayakuamrika. Hatua chache tu ndani nikachuchumaa, kisha nikapiga magoti, kisha nikalala kifudifudi nikalikumbatia gogo kama mtoto anavyomkumbatia mama yake. Beseni likanitoka. Niliona linageuka hewani, nikaona blanketi, nikaona kofia ya manjano ikifunguka juu ya maji na kupotea.

Na pale pale, kifua kikiwa kwenye gogo, ndipo nikasikia mawe. Sikuyasikia kwa masikio kwanza, niliyasikia kwa mbavu. Gogo lote lilikuwa linatetemeka kwa mapipa yale, makubwa, yanaviringika chini huko moja baada ya jingine bila kukoma. Yalikuwa yanalia tangu tulipofika mtoni. Kila mtu alikuwa anayasikia isipokuwa mimi. Ningemtia mwanangu humo, na Thembo, na Kabugho, na wale wengine, kwa sauti yangu ya amri. Na kama wangeniachia ule mwanzi pale kivukoni, au hapa kwenye magogo, na magoti haya! Mungu wangu. Nilitambaa hadi ng'ambo. Thembo alinishika kola akanivuta sentimita za mwisho, hakusema kitu, na hadi leo hajasema. Ni muungwana.

Tukashuka ng'ambo, na gari lilikuwa limeiacha barabara likatusogelea kwa njia ya mashamba hadi pale ilipoishia. Wakamchukua. Hospitali wakampeleka chumba cha upasuaji moja kwa moja, nasi tukakaa nje kwenye benchi, kundi zima, matope hadi kiunoni, wauguzi wanaturuka kwa uangalifu. Kabugho alinunua chapati ya mayai akaila yote bila kumpa mtu. Miguu yake ilikuwa inatoka damu. Kabla giza halijaingia daktari akatoka akasema mama anapumua vizuri, na mtoto ni wa kike, na ana sauti. Tukapiga kelele hadi mlinzi akaja.

Watu walipotulia, Kabugho akatoa filimbi mfukoni, akaipangusa kwenye sketi. "Afande, shika filimbi yako."

"Kaa nayo."

"Kwa nini?"

"Leo nilikuchukia, Kabugho. Njia nzima."

"Nilijua. Mugongo yangu ilikuwa inaungua." Akalamba mafuta ya chapati kwenye kidole. "Sasa?"

"Sasa kaa nayo. Mimi nimemaliza."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na hotuba, na soda nilinunua mwenyewe. Baadhi yenu mmekuwa mkisema ni goti. Goti limechangia, lakini si goti.

Kesho yake waliniruhusu kuingia wodini. Mtoto alikuwa amefungwa sweta ya Kabugho, ile ya kijani, inanuka moshi na kahawa. Masika alikuwa amejilaza, uso umepungua uvimbe, midomo imekauka. Alimtazama mtoto, akaitazama sweta, akanitazama mimi.

"Baba, nguo za mtoto ziko wapi? Mama alijaza beseni zima."

Ningeweza kusema zimebaki nyumbani. "Zimekwenda na mto," nikasema. "Nililiangusha. Wenzangu walivuka wakitembea, mimi nilivuka nikitambaa."

Alijaribu kucheka, mshono ukamuuma, akashika tumbo. "Usinichekeshe, Baba." Nikasema sichekeshi. Akavuta vidole vya mtoto kutoka kwenye mkono mrefu wa sweta.

"Nilikusikia pale mtoni," akasema. "Ulipokuwa unapiga kelele. Njia nzima nilikuwa sijaogopa, lakini pale niliogopa sana, nikasema basi nakufa. Kisha giza, na kwa mbali kama ndotoni nikasikia Kabugho anakwambia urudi nyuma. Baada ya hapo ukanyamaza kabisa." Akanitazama. "Uliponyamaza, Baba, nikajua nitafika."